Kamba, Mchanga na Ukoka

Uwanja wa mpira huanza na kamba. Kabla ya tofali la kwanza, kabla ya mchoro wa jukwaa lenye paa, huja mtu na kamba, vigingi na nyundo, akasimama kwenye kichaka na kuiangalia ardhi kwa muda mrefu. Kisha anapiga kigingi cha kwanza. Kutoka hapo anapima mita 30 upande mmoja na mita 40 upande wa pili, halafu anavuta kamba ya tatu kuziunganisha zile ncha mbili. Kamba ya tatu ikisoma mita 50 kamili, kona imekaa pembe mraba. Ikizidi au ikipungua, kona imelala, na uwanja mzima utakuwa umepinda. Fundi hung'oa kigingi, hukisogeza kwa upana wa vidole viwili, hukipiga upya na kuvuta tena.

Anafanya hivyo kona zote nne, na bado haamini. Anapima ulalo, kutoka kona hii hadi ile ya mkabala. Katika uwanja wa mita 105 kwa 68, vipimo ambavyo FIFA huvipendekeza kwa mechi za kimataifa, ulalo ni mita 125 na sentimita 10 hivi. Mistari yote miwili ya ulalo ikilingana, ndipo fundi anafuta jasho na kuomba maji ya kunywa. Mpaka hapo mtu anayepita barabarani hataona kitu, isipokuwa vigingi vinne porini.

Kazi hii nimeipenda tangu nilipoanza kuielewa, na naandika habari zake kwa sababu ya kiu ya viwanja tuliyonayo Burundi. Tarehe 23 Machi 2019, Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, walitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura, Burundi ikafuzu kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo uwanja uliochezewa mechi hiyo, wa Prince Louis Rwagasore, ulipewa jina jipya la Intwari. Baadaye CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaona haufikii viwango vyake vya mechi za kimataifa, na timu yetu ikawa mgeni wa kila mtu. Novemba 2023 tuliifunga Gambia 3-2 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, mechi ya nyumbani, lakini ilichezwa Dar es Salaam kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa. Juni 2024 tulikutana na Kenya, ambao nao hawakuwa na uwanja uliokubaliwa wakati huo, tukachezea Lilongwe, Malawi: mataifa mawili ya Afrika Mashariki yakitafutana kusini kabisa.

Lililoniuma zaidi ni la Vital'O. Hii ni klabu yetu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992. Agosti 2024 ilipangiwa Yanga ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa, na mechi yake ya nyumbani ikapigwa Chamazi, Dar es Salaam. Ikafungwa 4-0. Mpenzi wa Vital'O anayeishi Rumonge au Nyanza-Lac, aliyetaka kuiona timu yake ikiwa mwenyeji, ilimbidi avuke mpaka na kuikata Tanzania yote hadi pwani. Uwanja uliowapokea wote wawili, Vital'O na Yanga, ni wa klabu: Azam FC, timu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa viwanda vya Bakhresa, ikajijengea uwanja wa watu wapatao 10,000 huko Mbagala na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14 bila kupoteza hata mechi moja.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba klabu ya ukanda huu wa Ziwa Tanganyika ijenge uwanja wake, simcheki. Namuuliza swali moja tu: ardhi ataandaa nani?

Mahali penyewe pana magumu yake. Tuchukue mfano wa Rumonge: iko kilomita zaidi ya 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 3, katika bonde la Imbo. Ukiitazama kutoka ziwani ukiwa ndani ya boti la wavuvi wa ndagala, unaona mchanga, mitumbwi iliyopandishwa ufukweni, soko la samaki, mabati ya mji, michikichi, halafu mara moja milima. Sehemu tambarare ni nyembamba, na maji huijia kutoka pande mbili. Kutoka juu, mito hushuka kwa kasi ikibeba udongo na mawe. Gitaza, kwenye barabara hiihii kuelekea Bujumbura, tope na mawe yalishuka Machi 2015 yakabomoa nyumba na kufunga njia. Kutoka chini, ziwa lenyewe hupanda. Lilipanda miaka ya 1960, na likapanda tena kuanzia 2020 hadi 2024, likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, sawa na kimo cha 1964 au pungufu yake kidogo. Watu wa Gatumba na wa Rumonge walihama nyumba zao na maji yakiwa mlangoni.

Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika ziachwe bila ujenzi. Wako wanaoiona sheria hiyo kuwa kikwazo. Fundi wa ardhi anaiona kuwa msaada, maana hata bila sheria asingekwenda karibu zaidi. Huwauliza wazee wa mtaa ziwa lilifika wapi wakati ule wa zamani, na mto ulipita wapi kabla haujahama. Huangalia mimea, kwa kuwa matete na mafunjo humea pale ambapo maji hayako mbali, hata kama juu pamekauka. Huchimba shimo la mita moja na nusu, akaliacha usiku kucha, na asubuhi akarudi kutazama kama maji yamejikusanya chini. Shimo hilo, ambalo halizidi kazi ya asubuhi moja kwa vijana wawili wenye sururu, linaweza kuiokoa klabu na hasara ya miaka mingi.

Yanga wanaijua hasara hiyo. Uwanja wao wa Kaunda uko Jangwani, Dar es Salaam, katika bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa zinapokuja bonde hilo hugeuka ziwa. Klabu yenye mashabiki wengi kiasi kile, katikati ya jiji, imekaa miaka mingi ikichezea kwenye viwanja vya wengine huku ardhi yake ikiwa chini ya maji au chini ya kifusi. Mpango wa kujenga uwanja mpya palepale upo, nami nautakia heri. Lakini kila mwenye kupanga uwanja kwenye ufukwe wetu aende Jangwani siku ya mvua akajionee.

Turudi Rumonge. Eneo likishapatikana, upande wa barabara usio wa ziwa, fundi anageukia jua. Uwanja hulazwa kaskazini na kusini, magoli yakiwa kwenye ncha hizo, ili alasiri kipa yeyote asichomwe macho. Hapa ufukwe umetusaidia: ziwa limenyooka kaskazini kwenda kusini, barabara nayo vivyo hivyo, na jua linazama ng'ambo, nyuma ya rasi ya Ubwari upande wa Kongo. Uwanja ukilazwa sambamba na barabara, tayari umelazwa vizuri. Jukwaa kuu ni jambo la kuamua kwa makini zaidi. Mwekezaji atatamani watazamaji waketi mashariki wakitazama ziwa, kwa sababu mandhari ni ya kupendeza mno. Fundi atamwambia hapana. Mechi ikianza saa tisa alasiri, kufikia kipindi cha pili wote waliokaa mashariki watakuwa wamekinga mikono usoni. Jukwaa kuu likae magharibi, lilipe ziwa mgongo, na paa lake lianze mapema kutupa kivuli juu ya nyasi. Uzuri wa ziwa watu wataufurahia wakitoka.

Baada ya hapo ni kazi ya usawa, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Vyombo vya kisasa vya kupimia vipo na vitumike vikipatikana, lakini fundi wa kwetu hubeba pia mpira mrefu mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Anaujaza maji, anatoa mapovu yote, kwa kuwa povu moja likibaki kipimo kinadanganya. Msaidizi anashika ncha moja kwenye kigingi cha mbali, fundi anashika nyingine. Wanasubiri. Maji yanapanda na kushuka, yanapunga, kisha yanatulia. Pale yanapotulia pande zote mbili ndipo penye usawa mmoja, na kila mtu anachora alama kwa penseli kwenye kigingi chake. Halafu wanahamia kigingi kinachofuata. Kwenye uwanja mzima wanaweza kuwa na vigingi mamia. Hakuna anayepiga kelele, kwani maneno yao ni matatu tu: pandisha, shusha, hapo.

Baada ya kupata usawa kamili, fundi anauvunja kwa makusudi. Uwanja ulio sawa kabisa hushika maji, kwa hiyo huuinua kidogo katikati, ukaenda ukishuka kwenye mistari ya pembeni. Akitumia mwinamo wa asilimia 1, kutoka katikati hadi pembeni ni mita 34, hivyo kitovu cha uwanja kinakuwa juu ya ukingo kwa sentimita 34. Wengine huweka nusu ya hapo pakiwa na mitaro mizuri chini. Mchezaji hajui kwamba anapanda na kushuka. Ukitaka kuona, lala kifudifudi kwenye kona, shavu likigusa nyasi, utazame kona ya pili: utaona mgongo wa uwanja umeinuka na kuficha miguu ya watu walio upande wa pili.

Halafu udongo. Fundi huchukua konzi moja, huulowesha, huukanda na kuusokota kati ya viganja. Ukikatika haraka, una mchanga mwingi. Ukisokoteka mrefu na mwembamba bila kukatika, ni mfinyanzi, na mfinyanzi ni adui wa uwanja: wakati wa mvua hutelezesha, wakati wa kiangazi hupasuka. Kipimo cha pili hakihitaji hata mikono. Tia udongo kwenye chupa yenye kioo cheupe, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iweke mezani. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi unabaki ukielea, na maji yanaweza kuwa bado yamechafuka kesho yake. Ukipima kwa rula unene wa kila tabaka, unajua ni kiasi gani cha mchanga cha kuongeza. Chupa hiyo haigharimu hata faranga moja, na kila kamati ya klabu inaweza kuiweka mezani kabla ya kusaini mkataba wowote.

Chini ya udongo huo kuna kazi ambayo haitaonekana tena baada ya kufunikwa. Mitaro hupangwa kama mifupa ya samaki aina ya mukeke: uti wa mgongo katikati, na mbavu zikielekea pande zote mbili kwa mshazari, zote zikishuka polepole kwenda kwenye mfereji wa nje. Ndani ya kila mtaro hulazwa bomba lenye matundu, likazungushiwa kokoto safi. Juu yake hutandazwa changarawe, kiasi cha sentimita 10, halafu sentimita 30 za mchanga uliochanganywa na udongo mzuri kidogo na samadi iliyooza vizuri. Piga hesabu nami. Uwanja una mita za mraba 7,140. Sentimita 30 za mchanganyiko huo ni mita za ujazo 2,142. Lori la kubeba mita za ujazo 10 litakwenda na kurudi zaidi ya mara 210, bado kokoto. Na mchanga lazima uchekechwe, maana jiwe moja la ukubwa wa yai likibaki karibu na uso litamvunja mtu goti.

Mchanga tunao. Vijana wanaochimba mchanga mitoni, kiunoni ndani ya maji, beleshi kwa beleshi, hadi lori lijae, wanajua kutofautisha mchanga wa mto huu na wa ule kwa kuusugua tu kati ya vidole. Ujuzi wao haujaandikwa kwenye cheti chochote. Klabu ikija kujenga, hao ndio wa kuwauliza kwanza mchanga wenye chembe kali uko wapi na ule wenye tope uko wapi, na kuwalipa kwa jibu lao pamoja na mzigo.

Tunafika kwenye nyasi. Ukoka unaota wenyewe kando ya njia zetu, unakanyagwa na ng'ombe na baiskeli na bado unarudi. Ni jamii ya nyasi zilezile zinazotandazwa kwenye viwanja vingi vikubwa vya nchi za joto. Hupandwa kwa vipandikizi: vipande vifupi vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, ambavyo huchomekwa ardhini kwa mistari, kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo na ncha ikiwa nje. Wanawake wanaopanda viazi vitamu hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani mkono ni uleule. Baada ya kupanda hupitishwa pipa lililojazwa zege, likivutwa taratibu ili kipandikizi kishikane na ardhi, kisha maji, kila siku, asubuhi na jioni.

Msimu ni jambo la kuheshimiwa. Mvua zetu huanza kati ya Septemba na Oktoba, zikaenda hadi Mei. Aliyepanda mvua zikiwa zimeshika anasaidiwa na mbingu. Aliyepanda Juni atakuwa mtumwa wa pampu. Milimita 5 tu za maji kwa siku juu ya uwanja mzima ni lita 35,700, kila siku, na ziwa kuwa karibu hakusaidii kama hakuna umeme wa kuyapandisha maji. Ndiyo maana fundi hugoma kupangiwa tarehe na wanasiasa. Ukoka ukipandwa vizuri hufunika ardhi baada ya miezi miwili au mitatu, na katika muda huo hakuna mpira, hakuna maandamano, hakuna mkutano wa hadhara. Nimeona viwanja vikifunguliwa kwa ngoma na hotuba mizizi ikiwa haijashika, na mwaka mmoja baadaye mbele ya magoli pamebaki vumbi.

Nyasi zikishashika, kazi haiishi, inabadilika tu. Mtunzaji hukata mara kwa mara na kidogo kidogo, haondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Baada ya mechi, watu wakiwa bado wanabishana nje ya geti, yeye anatembea na uma wa chuma. Anatafuta vipande vilivyong'olewa na njumu, anavirudisha mahali pake, anakanyaga kwa kisigino, anatia konzi ya mchanga. Mbele ya goli hukaa muda mrefu kuliko kwingine. Mistari ya chokaa ameichora mwenyewe alfajiri, na nguzo za goli, mita 7.32 kati yake na mita 2.44 kwenda juu, amezikagua kwa timazi. Mshahara wake mara nyingi ndio mdogo kuliko wa mtu mwingine yeyote klabuni, na hilo ni kosa ambalo sioni sababu ya kulivumilia.

Wako watakaoniambia siku hizi kuna nyasi bandia, tuachane na ukoka. TP Mazembe walipomaliza uwanja wao wa Kamalondo, Lubumbashi, mwaka 2011, walitandika nyasi bandia, na wamecheza mashindano makubwa juu yake. Siwapingi. Klabu yenye timu nyingi za vijana, inayotumia uwanja kutwa, ina haki ya kufikiria hivyo. Ila nyasi bandia hupata joto kali kuliko nyasi hai, na Imbo hatuhitaji kuongezewa joto. Huchakaa pia, zikahitaji kununuliwa upya kwa fedha za kigeni. Na hata zenyewe hulazwa juu ya ardhi iliyopimwa kwa kamba, yenye mwinamo na mitaro. Aliyeruka kazi ya ardhi hataokolewa na zulia.

Ngozi wana uwanja wa Urukundo, Gitega wana Ingoma, na Makamba, juu ya milima, wana Aigle Noir waliochukua ubingwa wa nchi mwaka 2019. Miji hiyo ya juu ina bahati moja, kwamba maji huijia na kuondoka yenyewe. Sisi wa ufukweni maji hukaa nasi, kwa hiyo uwanja wetu utadai ustadi zaidi kuliko wao. Na majirani hawasubiri: mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania wataandaa AFCON kwa pamoja, na nyasi zinatandazwa toka Nairobi hadi Arusha.

Ombi langu kwa viongozi wa klabu za Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura, na kwa wafanyabiashara wa mawese na samaki watakaoombwa mchango, ni hili. Mkiletewa picha ya uwanja wenye taa na paa linalong'aa, ikunjeni kwanza. Ulizeni shimo lilichimbwa wapi na asubuhi lilikuwa na maji kiasi gani. Ulizeni mwinamo ni asilimia ngapi, mitaro inamwaga wapi, mchanga unatoka mto gani. Na kabla hamjamlipa mchoraji wa jukwaa, mwajirini mtunza nyasi, mpeni mkataba wa miaka na mshahara wa kumtosha, na mumkalishe kwenye meza ileile mnayopangia uwanja.